Namna ya kuboresha maegesho ya magari katikati ya jiji: mwongozo kamili kwa mfano wa Posta na Kariakoo

Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo aliniita ndani, akanivutia kiti, akasema: "Mwanangu, wateja wananikimbia. Wanakwenda Mlimani City kwa sababu kule kuna pa kupaki. Waambieni wakubwa watujengee paking." Nikatoka nje kuangalia. Mbele ya duka palikuwa na nafasi tatu zilizochorwa. Ya kwanza ilikuwa na gari lake, ya pili gari la kijana wake, yote yameshika vumbi la tangu asubuhi. Ya tatu ilikuwa na tairi lililojazwa zege, bomba la chuma limesimama katikati, kumtunzia mahali mtu wa mzigo ambaye angefika mchana. Niliporudi nikamwonyesha kupitia mlangoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu: "Kwa hiyo tuanze na la kwangu?"

Ndiyo. Tunaanza na la kwake, la kijana wake, na la kila mmoja wetu anayefungua ofisi au duka saa 2 asubuhi na kuondoka jioni. Malalamiko haya si mapya wala si ya Dar es Salaam peke yake. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani mashine ya kulipia nafasi, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, senti 5 kwa saa, kwa sababu hiyohiyo: wafanyakazi wa mjini walikuwa wanajaza mitaa tangu asubuhi, na mnunuzi akija hapati pa kusimama.

Mwongozo huu nimewaandikia maofisa wa halmashauri, wenyeviti wa serikali za mitaa, viongozi wa wafanyabiashara na mameneja wa majengo. Mifano ni ya Posta na Kariakoo, kwa kuwa ndiko ninakokufahamu, lakini hatua zenyewe zinafanya kazi Mwanza, Arusha au Mombasa. Lengo ni moja, na nitalirudia: mtu akiingia mtaa wowote saa yoyote ya kazi, akute angalau nafasi moja iko wazi kwenye kila kipande cha mtaa, yaani kati ya kona na kona.

Hatua ya 1: Wekeni mipaka ya eneo, mjue nani ana mamlaka gani

Msianze na jiji zima. Chukueni vipande vya mtaa 15 hadi 25 vinavyoshikana, vyenye biashara ya aina moja au mbili. Kwa Posta, mfano mzuri ni mitaa iliyo kati ya Samora, Azikiwe na Sokoine. Kariakoo wanaweza kuanza na eneo linalozunguka Aggrey, Sikukuu na Narung'ombe. Eneo dogo linahesabika kwa siku chache, na likifanikiwa mitaa ya jirani itadai yenyewe.

Kisha kaeni mezani na wenye mamlaka kabla hamjagusa hata kopo la rangi. Kwa Dar es Salaam, Posta na Kariakoo zote ziko chini ya Halmashauri ya Jiji, ambayo ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Barabara za mitaa na ushuru wa maegesho viko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Polisi wa usalama barabarani ndio wenye nguvu ya kuondoa gari linaloziba njia, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inahusika na leseni za vyombo vya biashara, bajaji na bodaboda zikiwemo. Nimeona mpango mzuri ukifa kwa sababu ofisi moja ilichora mistari na nyingine ikaifukia kwa lami wiki tatu baadaye. Andikeni kwenye karatasi moja nani anafanya nini, wote watie saini.

Hatua ya 2: Hesabuni. Tena msihesabu mara moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye majibu yote. Kila mtu ana maoni kuhusu maegesho, ila wenye takwimu ni wachache. Kazi yenyewe haihitaji kamera wala mshauri kutoka nje. Inahitaji vijana wenye viatu vizuri, ubao wa kuandikia, kalamu mbili na kofia ya jua.

Kwanza orodhesheni nafasi zote za halali za kila kipande na kuzipa namba: 1, 2, 3 mpaka mwisho, upande wa kushoto kisha wa kulia. Andaeni fomu ambayo mistari ni nafasi na safu ni saa, kila nusu saa kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Kijana anazunguka njia yake kila nusu saa. Kwenye kila nafasi anaandika tarakimu tatu za gari na herufi ya mwisho, basi. Namba nzima haina kazi kwetu, na ni vizuri tusikusanye habari za watu tusizozihitaji. Nafasi ikiwa wazi anaweka mstari. Ikiwa na tairi la zege, jiwe, stuli au ndoo ya maua, anaandika "K" ya kizuizi. Gari lililosimama pasipochorwa, juu ya njia ya miguu au kwenye kona, linaandikwa chini ya fomu. Mtu mmoja anamudu nafasi 60 mpaka 80 kwa mzunguko.

Hesabuni siku tatu: siku moja ya katikati ya wiki, Ijumaa, na Jumamosi. Ijumaa msiiache, kwa sababu mchana wa Swala mitaa yenye misikiti hubadilika kabisa. Kwa Posta ongezeni Jumapili asubuhi mkitaka kujua hali ya kule Kivukoni, kwenye makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Joseph. Epukeni wiki ya sikukuu na wiki ya kufungua shule.

Sasa tusome fomu. Tuseme kipande kimoja kina nafasi 20. Kwa saa 10 mmezunguka mara 20, kwa hiyo fomu ina visanduku 400. Mmekuta 380 vina gari. Hiyo ni asilimia 95, yaani mtaa umejaa. Hapo mwenye duka ana haki ya kulalamika. Lakini endeleeni. Hesabuni magari tofauti: mmepata 64. Kati ya hayo, 14 yako palepale tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho. Magari 14 kwa saa 10 ni saa 140. Saa zote zilizotumika ni 190. Maana yake magari 14 yamekula karibu robo tatu ya mtaa, na wageni 50 waliobaki wamegawana robo.

Geuzeni hesabu. Kama wale 14 wangepata mahali pengine, na mtaa ukabaki na magari 17 kati ya nafasi 20 kwa wastani, ambayo ni asilimia 85, kila gari likikaa saa moja, kipande hicho kingepokea magari 170 kwa siku badala ya 64. Hakuna tofali lililowekwa. Hesabu hii ichukueni mkaibandike ukutani kwenye kikao cha wafanyabiashara. Nimeona kikao cha kelele kikitulia kwa karatasi moja ya namna hii, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua yale magari 14 ni ya nani.

Angalizo: kuzunguka kila nusu saa hakumnasi aliyesimama dakika kumi kuchukua dawa. Kwa hiyo wageni halisi ni wengi kidogo kuliko fomu inavyosema. Vipande viwili au vitatu vyenye benki au maduka ya dawa vizungukieni kila robo saa.

Hatua ya 3: Amueni nani atangulie kwenye ukingo wa barabara

Ukingo wa barabara ni mali adimu kuliko chumba cha duka. Mita 100 za ukingo zinachukua magari 16 yakiegeshwa kwa kufuatana, kila moja mita 6. Yakisimama kichwa ndani yanaingia 40 kwa upana wa mita 2.5, ila hapo yanahitaji nyuma yake kama mita 6 za kugeuzia, na mitaa mingi ya Kariakoo haina upana huo. Wanaosema "chora tu ya kuingiza kichwa, yataingia mengi" wasisikilizwe mpaka futi kamba ipite.

Kabla ya gari dogo hata moja, pangeni haya.

Mizigo. Kariakoo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo uhai wake ni mzigo. Fuso, kirikuu, guta, mkokoteni na makuli ndio wanaolisha maduka. Mpango wowote unaowachukulia kama usumbufu utavunjwa siku ya kwanza, tena kwa haki. Fuso lisipopewa pa kushushia, litashushia katikati ya njia, na nyuma yake foleni itafika Msimbazi. Kwa hiyo kila kipande chenye maduka ya jumla kiwe na sehemu ya kushushia yenye urefu wa mita 10 hadi 12, iwe mwishoni mwa kipande ambako gari linaingia bila kurudi nyuma mara tatu. Muda wake uwe dakika 30 kwa kirikuu. Fuso na kontena zisogezwe usiku na alfajiri. Tangu mwaka 2025 Kariakoo imeanza biashara ya saa 24, na nafasi hiyo ni ya dhahabu: taa zipo, walinzi wapo, makuli wapo. Mtaa uliopokea mzigo saa 9 usiku unaamka ukiwa mweupe.

Watu wenye ulemavu. Tanzania ina sheria yao ya mwaka 2010, na bado mitaani nafasi zao mara nyingi ni mchoro wa kiti cha magurudumu chini ya gari la mtu mwenye miguu miwili. Nafasi iwe na upana wa mita 3.5, iwe karibu na mahali ambapo ukingo umeshushwa ili kiti kiweze kupanda. Kuchora nafasi mbele ya ukingo wa sentimita 20 ni kumdhalilisha mtu. Nendeni na mwenye kiti cha magurudumu, ateremke, apande, aingie benki, ndipo mpake rangi.

Bodaboda na bajaji. Nafasi moja ya gari inatosha pikipiki tano au sita. Wachorewe kwenye kona, mita chache baada ya eneo la kuvukia, ambapo gari refu lingewaziba macho wanaovuka na pikipiki haiwazibi. Viongozi wa kijiwe waitwe mapema. Wao wanajua abiria wanatokea mlango gani.

Kona na vivuko vibaki wazi. Mimi hutumia mita 10 kutoka kona, hata pale wafanyabiashara wanaponung'unika. Gari la zimamoto linahitaji kukata kona. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na hakuna aliyekuwa hapo anayehitaji kuelezwa maana ya njia iliyo wazi.

Jambo dogo linalosahaulika: mitaro. Mitaa mingi ya katikati ya jiji ina mitaro iliyofunikwa kwa mabamba ya zege, na mabamba hayo yalitengenezwa kwa miguu ya watu. Gari likipanda kila siku, bamba linapasuka, taka zinaingia, na mvua za masika zikija duka linajaa maji machafu. Mkichora nafasi, mstari wa ndani uishie kabla ya bamba. Rangi ya kuyeyushwa kwa moto ni ghali mwanzoni ila hudumu; ya kawaida kwenye mtaa wa Kariakoo inafutika kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 4: Watafutieni pa kwenda wale wanaokaa siku nzima

Hapa ndipo mipango mingi inapokosa utu. Mtu anayefanya kazi Posta na kukaa Goba hana gari kwa anasa. Pengine anampeleka mtoto shule kwanza. Ukimpandishia bei bila kumwonyesha pa kwenda, umemtoza adhabu tu. Toeni njia tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni maegesho yaliyomo ndani ya majengo. Minara ya Posta ina ghorofa za magari chini au juu, na wakati mtaani hakuna pa kusimama, mara nyingi ndani kuna nafasi zilizokodiwa ambazo wenyewe hawakuja. Meneja wa jengo akubali kuuza nafasi hizo kwa mwezi au kwa siku. Halmashauri ifanye kazi ya udalali wa bure: orodha moja yenye jengo, idadi ya nafasi, bei na mlango wa kuingilia. Jioni na Jumapili majengo hayohayo yanaweza kupokea watu wa ibada na harusi.

Ya pili ni viwanja na mitaa ya pembeni, dakika saba au kumi kwa miguu, kwa bei ya siku iliyo nafuu. Chagueni kiwanja chenye taa na mlinzi, na chenye njia ya miguu inayopitika, maana dakika kumi za jua bila kivuli ni ndefu. Miti ipandwe njiani. Msije mkavutiwa na uwazi wa bonde la Jangwani: karakana ya mabasi ya mwendokasi imefurika pale zaidi ya mara moja, na magari ya watu yatafuata.

Ya tatu ni kuacha gari mbali. Njia ya kwanza ya mwendokasi, yenye kilomita kama 21, ilianza Mei 2016, ikawaunganisha watu wa Kimara na Kivukoni, Gerezani na Morocco. Mwenye gari wa Mbezi anaweza kuliacha Kimara akaingia na basi, mradi gari liko salama na basi linakuja. Hilo la pili ndilo lenye kazi: kama foleni ya kituoni ni ya saa nzima, msimlaumu mtu anayerudi barabarani na gari lake. Mpango wa maegesho usiogusa mabasi ni nusu ya mpango.

Waajiri nao wahusishwe. Ofisi inayompa bosi nafasi ya bure mjini inaweza kumpa karani nauli ya mwezi. Gharama yake ni ndogo kuliko kukodi nafasi.

Hatua ya 5: Pangeni bei kwa mtaa na kwa saa

Bei ina kazi moja tu: kubakiza nafasi wazi. Mkianza kuipanga kwa kuangalia bajeti ya mapato, mmepotea, kwa sababu mtaa uliojaa pomoni siku nzima unaingiza fedha nzuri na bado mteja anazunguka.

Kosa kubwa ni ada ya siku nzima kwenye mitaa ya mbele, yaani ile yenye maduka na wateja wengi. Nairobi wameijua kwa miaka: mwaka 2013 ada ya kuegesha katikati ya jiji ilipanda kutoka shilingi 140 za Kenya hadi 300, kukawa na ugomvi mkubwa, lakini ilibaki ni ada ya siku. Mtu akishalipa ya siku, hana sababu ya kuondoka baada ya saa moja. Atakaa apate haki ya fedha yake, nami ningefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mitaa ya mbele itozwe kwa saa, bila punguzo la kukaa sana. Tiketi ya siku na ya mwezi iuzwe pembeni, kule tulikowatafutia mahali kwenye hatua ya 4.

Kanuni ya kurekebisha iwe fupi kiasi cha kuandikwa kwenye bango. Mtaa ukionekana umejaa kupita asilimia 85 kwa vipimo viwili mfululizo, bei yake inapanda ngazi moja. Ukiwa chini ya asilimia 60, inashuka ngazi moja. Katikati ya hapo haiguswi. Ngazi iwe ndogo, na mabadiliko yasizidi mara nne kwa mwaka, yatangazwe wiki mbili kabla.

Kushuka ni lazima kuwe kweli. San Francisco walianza mfumo wa namna hii mwaka 2011, bei ikiweza kuwa senti 25 kwa saa mtaa mmoja na kufika dola 6 mtaa mwingine. Watu walidhani ni ujanja wa kupandisha. Mwisho wa majaribio wastani wa bei za mitaani ulikuwa umeshuka kidogo, na muda wa kuzunguka kutafuta nafasi ulipungua kwa asilimia 43. Mitaa iliyokuwa imejaa ilipanda, iliyokuwa mitupu ilishuka, watu wakasambaa.

Dakika 10 za mwanzo ziwe bure. Anayemshusha mama yake hospitali au anayechukua bahasha hana haja ya kukimbizana na mkusanya ushuru. Wenye nafasi za ulemavu watozwe kwa utaratibu wao, na kibali kiwe na picha ya mhusika mwenyewe, kisiwe cha gari.

Kuhusu kulipa: tangu 2021 TARURA inatumia namba ya kumbukumbu ya malipo, na simu inatosha. Huo ni msingi mzuri. Shida huja pale dereva anapokuta deni la mwezi uliopita ambalo hakupata taarifa yake. Kila gari likisajiliwa kwenye mashine, karatasi ibaki kwenye kioo au ujumbe uende kwenye simu papo hapo, ukionyesha mtaa, saa ya kuingia na bei. Deni lisilo na saa na mtaa lisiwe deni.

Hatua ya 6: Sehemu ya fedha irudi kwenye mtaa uleule, ionekane kwa macho

Wafanyabiashara wa Old Pasadena, karibu na Los Angeles, walipinga mita za maegesho kwa miaka. Mwaka 1993 wakakubali dola 1 kwa saa baada ya jiji kuahidi kwamba fedha zote zitatumika palepale. Jiji likakopa dola milioni 5 kwa kutegemea mapato hayo, likatengeneza njia za miguu, taa, miti na vichochoro. Eneo lililokuwa limechakaa likawa la kutembelewa.

Kwetu fedha za ushuru zinaingia kwenye mfuko mkubwa, na hiyo ni njia ya sheria. Lakini hakuna kinachozuia kukubaliana kwamba kiasi fulani kitarudi kama kazi: taa tatu, mabamba ya mitaro, choo kilicho safi, kivuli. Andikeni makubaliano kabla ya kupandisha bei, na bango liwekwe mtaani likisema miezi hii mitatu mtaa huu umekusanya kiasi gani na umetengenezewa nini. Mkianza, chagueni kitu ambacho mtu wa miguu atakigusa ndani ya mwezi wa kwanza. Mimi ningechagua mifuniko ya mitaro na taa. Mama lishe anayefunga saa 2 usiku ataona tofauti siku hiyohiyo, na yeye ndiye atakayewaambia wengine.

Hatua ya 7: Simamieni kwa haki

Wiki mbili za kwanza ni onyo tu: karatasi kwenye kioo, hakuna faini. Siku ya kwanza muwe na watu wa kutosha mitaani wa kueleza, tena watu wa eneo hilo wanaojulikana.

Tenganisheni makosa. Gari lililopitiliza muda kwenye nafasi halali halimzuii mtu barabarani. Huyo anapata deni, basi. Kulifunga mnyororo gari la namna hiyo ni ukali usio na faida, na kufunga mnyororo gari linaloziba njia ni ujinga mtupu, kwa kuwa umelihakikishia kubaki hapohapo. Gari la kuvuta litumike kwa wanaoziba kona, kivuko, sehemu ya kushushia au nafasi ya mlemavu. Kabla ya kuvuta, picha nne zipigwe: mbele, nyuma, kibao cha katazo, na gari likiwa kamili. Hakuna kibao, hakuna kuvuta.

Msiwalipe wavutaji kwa idadi ya magari. Nilishawahi kurudi dakika tano baada ya kuliacha gari, nikalikuta limeshainuliwa magurudumu ya mbele, na kijana aliyelifunga akaniambia bila kuficha kwamba bado alikuwa na mawili ya kutimiza siku hiyo. Yeye nilimhurumia. Mkataba uliomtuma ndio uliokuwa mbaya. Walipwe kwa muda, na wapimwe kwa jinsi mitaa ilivyo wazi.

Kuwe na dirisha la rufaa linalojibu ndani ya siku saba, na mtu akishinda arudishiwe fedha yake kwa njia ileile aliyolipia.

Matairi ya zege yaondolewe yote siku moja, mtaa mzima, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Mkiacha moja la mkubwa, kesho yatarudi yote. Vijana wanaoongoza magari na kuyaosha wasifukuzwe. Wanajua kila gari na kila dereva. Wenye sifa waajiriwe kuwa wasimamizi, wapewe vizibao na mashine. Hakuna atakayeijua kazi haraka kuliko wao. Na wamachinga waliopanga bidhaa kwenye njia ya miguu waitwe kikaoni pia, maana mkiondoa gari juu ya njia ya miguu, swali la nani atumie pale litaibuka asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya 8: Ghorofa la maegesho liwe la mwisho kufikiriwa

Kila gari kwenye ghorofa linahitaji mita za mraba 25 hadi 30, ukijumlisha njia za ndani na rampu. Magari 200 ni mita za mraba 5,000 hadi 6,000 za zege, pamoja na lifti, mfumo wa kuzima moto, taa na walinzi wa usiku na mchana. Fedha hizo zinarudi iwapo tu mtaani si rahisi kuliko ghorofani. Mkijenga huku mtaa ukiwa wa bei nafuu, magari yatabaki mtaani na jengo litabaki na mwangwi.

Kama baada ya mwaka mzima wa hatua hizi mitaa bado imejaa, bei za pembeni nazo zimepanda, na nafasi za majengo zimekwisha, basi jengeni. Lijengwe ukingoni mwa eneo ili magari yasiingie ndani kabisa, ghorofa ya chini iwe maduka, na sakafu ziwe tambarare zenye kimo cha kutosha ili siku mahitaji yakibadilika zigeuzwe ofisi.

Hatua ya 9: Baada ya miezi mitatu, rudieni fomu ileile

Vijana walewale, mitaa ileile, siku zilezile za wiki. Linganisheni mambo manne: mtaa umejaa kwa asilimia ngapi, magari tofauti mangapi yamepokelewa, mangapi yamekaa siku nzima, na mangapi yamesimama pasipo halali. Ulizeni maduka kumi kwa kila upande kuhusu wateja, lakini jibu lao lisomeni pamoja na fomu.

Mtakuta vipande ambavyo havikubadilika. Nendeni mkasimame hapo saa nzima kabla ya kugusa bei. Mara nyingi kuna kitu fomu haikioni: geti la shule linalofunguliwa saa 8, benki iliyofunga mlango wa upande wa pili, au sehemu ya kushushia iliyowekwa mita 40 kutoka duka lenye mzigo. Rekebisheni hicho kwanza, muandike tarehe, kisha mpange siku ya kuhesabu tena.